Kwao Bibi Ni Wapi? Kutafuta Jina la Mahali Lililopotea

Cheti cha ubatizo kimeandikwa "Mrogoro, Ukami". Bibi anasema alizaliwa kwa Fulani, na huyo Fulani hapa Mafiga, Morogoro, hajulikani. Kabla ya kufungua ramani, jiulize: jina hili lilikuwa la kijiji, la mto, la shamba la tajiri, au la mtu?

Mara nyingi lilikuwa la mtu. Katika karne ya 19 Kisabengo alijenga mji wenye ngome chini ya milima ya Uluguru, na baada yake akatawala binti yake, Simbamwene. Mpelelezi Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliuandika mji huo Simbamwenni, na mto Ngerengere akauita Ungerengeri. Mwaka uliofuata, akirudi pwani, alikuta mafuriko yamebomoa ukuta wa mji huo. Ukiutafuta mji wa Simbamwenni kwenye ramani ya leo utachoka bure, lakini ukiuliza nani alitawala pale na mwaka gani, utafika Morogoro.

Kingalu nalo ni jina la cheo cha chifu wa Waluguru, linarithiwa. Karatasi ikisema "kwa Kingalu" bila mwaka, hujui bado ni Kingalu yupi. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, na baada ya hapo anwani za namna hiyo zikaanza kutoweka kwenye karatasi za serikali.

Isome kwa sauti

Wajerumani waliandika walivyosikia wao: Kilosa ikawa Kilossa, Mpwapwa ikawa Mpapua, Ujiji ikawa Udjidji. Ukikuta "sch", jaribu "sh". Ukikuta "tsch", jaribu "ch". Usimpe mzee karatasi asome. Mtamkie jina mara mbili tatu kwa namna tofauti, umwache alirekebishe mwenyewe.

Mashamba ya mkonge ni kisa kingine. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, walitoka mbali, na watoto wao wakaandikiwa jina la shamba kama mahali pa kuzaliwa. Tazama Mazimbu, jirani zetu: lilikuwa shamba la mkonge, kisha miaka ya 1970 likapewa wapigania uhuru wa ANC wa Afrika Kusini waliojenga shule hapo, na mwaka 1992 likarudishwa kwa serikali. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Wazaliwa wawili wa Mazimbu wanaweza kuwa wa dunia mbili tofauti kabisa.

Kuzungumza na wazee

Swali la "kijiji chenu kiliitwaje?" halizai sana, hasa kwa waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976. Baada ya shikamoo na mazungumzo ya kawaida, uliza: mlikuwa mnateka maji mto gani? Mlikuwa mnakwenda soko lipi, mnazika wapi? Jina la mto hudumu kuliko la kijiji. Miaka pia hukumbukwa kwa matukio: mzee akisema alikuwa kijana wakati wa fujo za matuta, anazungumzia 1955, Waluguru walipokataa kulazimishwa kuchimba matuta milimani.

Kwa familia ya Kiluguru, anzia kwa mama. Ukoo hufuata upande wake, na ardhi ya ukoo vilevile, kwa hiyo mjomba wa bibi anaweza kukuonyesha mteremko wenyewe wakati ndugu wa baba wanakisia. (Watafiti wengi huanza kwa baba kwa mazoea tu, halafu wanalalamika hakuna anayejua kitu.)

Karatasi zilipo

Misheni ya Kikatoliki ya Morogoro ilianza mwaka 1882 na ya Matombo 1897. Omba parokiani uangaliziwe daftari za ubatizo na ndoa. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zinatunza majalada ya Wajerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza. Nenda na majina yote uliyokusanya, pamoja na tahajia zake mbovu, kwani mara nyingine hiyo mbovu ndiyo iliyoandikwa jaladani.

Ukishapata, andika majina yote mawili pamoja na mwaka: "Simbamwenni, 1871, leo Morogoro mjini." Usilifute lile la zamani kwa sababu tu halipo kwenye simu yako.