Mlio wa Masikio Unapopanda Ghafla

SWALI: Daktari, nimezoea mlio mdogo masikioni, lakini tangu harusi ya wiki jana umepanda ghafla, unalia kama nyenje. Mchana nina nafuu, usiku silali. Nifanyeje? – Msomaji, Merti, Isiolo

JIBU: Pole sana. Huenda spika za harusi ndizo zilizouchochea, na mara nyingi mlio wa namna hii hushuka wenyewe baada ya siku kadhaa. Usiku wa Merti una kimya kingi, na ubongo ukikosa sauti ya kusikiliza huukuza mlio. Kwa hiyo usilale katika kimya. Washa redio, sauti yake iwe chini kidogo ya mlio wenyewe, au feni kama una umeme. Usiuchunguze kila mara kuona kama umepungua; hofu huuzidisha.

Usitumbukize kijiti wala mafuta ya moto sikioni, tafadhali. Je, umeanza dawa yoyote karibuni? Aspirini nyingi, kwinini na sindano za jentamaisini huweza kuleta mlio. Mwulize aliyekuandikia, usiiache kwa uamuzi wako.

Jambo moja halisubiri: sikio likipungua kusikia ghafla, fika hospitali ya Merti siku hiyohiyo, ukaombe rufaa ya Isiolo. Dawa za steroidi husaidia zaidi zikianzwa ndani ya siku chache, na barabara ni ndefu. Fanya vivyo hivyo ukipata kizunguzungu kikali, uso ukipooza, au mlio ukianza kudunda sambamba na mapigo ya moyo.