SOMO LA AFYA: Mjue nondo mweupe mwenye madoa mekundu

Mvua zikianza watoto huleta viwavi nyumbani wakitaka wapikiwe. Kwa waliotoka Kongo jambo hilo si geni, maana viwavi ni kitoweo kizuri na hatumkatazi mtu chakula chake. Lakini yuko mmoja ambaye hafai kutiwa chunguni.

Mtazame kwanza mama yake. Ni nondo mdogo, mabawa yakikunjuliwa hufika sentimita 3 hadi 4. Mabawa ya mbele ni meupe yenye madoa madogo mekundu na meusi. Ya nyuma ni meupe yenye ukingo mweusi. Huruka hata mchana: ukipita kwenye nyasi anaruka hatua chache, anatua tena. Wataalamu humwita Utetheisa pulchella, wa jamii ya nondo chui milia. Hupenda mahali pakavu penye jua: kando ya njia na kwenye mashamba yaliyolala.

Kiwavi wake ni wa kijivu cheusi, ana nywele, mistari myeupe na madoa ya rangi ya chungwa. Utamkuta kwenye marejea, mmea wenye maua ya njano ambao maganda yake yakikauka hulia kama kayamba. Pia hukaa kwenye mmea wa maua madogo meupe yaliyopangwa juu ya kikonyo kilichojikunja kama mkia wa nge.

Mimea hiyo ina sumu inayoharibu ini. Kiwavi haimdhuru. Huihifadhi mwilini mpaka anapokuwa nondo, ndiyo maana ndege humwacha. Kupika hakuiondoi yote.

Hata hivyo, mbegu ndizo zinazotutia hofu zaidi. Mwaka 1974 huko Gulran, Afghanistan, baada ya ukame wa miaka miwili, ngano ilichanganyika na mbegu za mmea wa mkia wa nge. Watu 7,200 walipopimwa, zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na dalili za ugonjwa wa ini.

Ukiwaona nondo hawa wengi shambani, tafuta mimea hiyo uing'oe kabla haijatoa mbegu. Nafaka ipete na kuichagua vizuri. (Aina fulani za marejea huliwa majani kama mboga, waulize wenyeji ni zipi, na mbegu usile.)

Mtoto akivimba tumbo au macho yakiwa ya manjano, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, ukachukue na tawi la mmea aliokula. Usimpe dawa ya majani njiani.