Nani Ameshika .ke? Mwongozo wa Mwananchi Kuhusu Majina ya Vikoa Nchini Kenya

Kijitabu hiki kinamhusu nani

Kinamhusu mwenye duka anayetaka tovuti, mwalimu mkuu, katibu wa chama, karani wa kaunti na kila anayelipia huduma za serikali kwa simu. Wote hutumia majina yanayoishia na .ke, lakini ni wachache waliowahi kuuliza majina hayo hutoka wapi, nani anaweza kuyafuta, na yakipotea malalamiko yapelekwe wapi.

Jina la kikoa, yaani anwani unayoandika ili kufungua tovuti, halimilikiwi kama shamba. Hushikwa kwa dhamana, mithili ya kibanda katika soko la kaunti: ukilipa ada na kufuata kanuni unakitumia, ukiacha kulipa anapewa mwingine. Dhamana hiyo haimfungi mwenye duka peke yake. Inamfunga pia wakala aliyemsajilia jina, taasisi inayotunza .ke yote, na hata shirika la kimataifa lililo juu yao. Kurasa zinazofuata zinaeleza kila mmoja anadaiwa nini.

1. Jina linavyofanya kazi

Kompyuta hutafutana kwa nambari zinazoitwa anwani za IP. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, majina ya kompyuta zote za mtandao wa wakati ule yalikuwa katika faili moja lililotunzwa California, na kila aliyeunganishwa alipaswa kulinakili. Mtandao ukakua, faili likalemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo tunaoutumia hadi leo. Humo hakuna anayeshika orodha nzima: kila mmoja hutunza sehemu yake na kumwelekeza muulizaji kwa mwenye sehemu inayofuata.

Ndiyo maana jina husomwa kutoka kulia. Chukua accounts.ecitizen.go.ke, ukurasa wa kuingilia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ukiliandika, seva ya mtoa huduma wako wa intaneti huziuliza seva za mzizi, zilizo juu ya mfumo wote: .ke inatunzwa na nani? Ikishaelekezwa huko, huuliza .ke kuhusu jina lenyewe, na huendelea hatua kwa hatua hadi ipate nambari. Yote hayo hutendeka kufumba na kufumbua. Jibu huhifadhiwa kwa muda ili lisiulizwe upya, na kwa sababu hiyo tovuti ikihamishwa, baadhi ya wageni huendelea kupelekwa mahali pa zamani kwa saa kadhaa.

Seva za mzizi zina majina 13, kuanzia herufi A hadi M, na huendeshwa na mashirika 12. Nakala zake ni zaidi ya elfu moja na zimesambazwa duniani kote. Mwaka 2022 ICANN, shirika la kimataifa linalotunza orodha ya mzizi, lilitangaza kuweka kundi la seva zake za mzizi jijini Nairobi, la kwanza barani Afrika, ili maswali mengi ya eneo hili yajibiwe hapa hapa badala ya kuvuka bahari.

Kusoma kutoka kulia ni kinga dhidi ya matapeli pia. Anwani ecitizen.go.ke.example.com huanza kwa maneno unayoyaamini, lakini huishia kwa example.com, kwa hiyo anayeitawala ni mwenye example.com. Jina hilo limetengwa kimataifa kwa ajili ya mifano. Tapeli atatumia lingine. Kabla ya kuweka nambari ya siri au kulipa, tazama sehemu ya mwisho ya jina, ile inayotangulia mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://.

2. Historia fupi ya .ke

Herufi mbili za kila nchi hutoka katika orodha ya kimataifa ya ISO 3166. Jon Postel, mhandisi Mmarekani aliyesimamia ugawaji wa majina katika miaka ya mwanzo, aliifuata orodha hiyo makusudi. Hakutaka wahandisi wa mtandao ndio waamue ipi ni nchi na ipi si nchi.

Mwaka 1994 Postel alichapisha waraka ujulikanao kama RFC 1591, ambao mawazo yake yangali yanafuatwa. Unasema anayepewa kikoa cha nchi ni mdhamini kwa niaba ya watu wa nchi hiyo na wa mtandao wote wa dunia. Anatakiwa kuwa na uwezo wa kitaalamu, kuwahudumia waombaji wote kwa haki, na kukubalika na wadau wa nchi. Kwa mujibu wa waraka huo, linalofaa kujadiliwa ni wajibu na huduma, wala si nani mwenye mali.

Kikoa .ke kilianzishwa mwaka 1993. Wakati huo Wakenya waliounganishwa na intaneti walikuwa wachache mno. Randy Bush, mhandisi Mmarekani aliyezisaidia nchi nyingi za Afrika kuunganishwa, alishughulikia ufundi, na Shem Ochuodho alisimamia upande wa Kenya. Mpango huo ulitosha kwa mwanzo. Biashara na serikali zilipoanza kuutegemea mtandao, dhamana hiyo ilizidi uwezo wa watu wawili. Mwaka 2002 ikaundwa KeNIC, taasisi isiyo ya kugawana faida, iliyowakutanisha serikali, watoa huduma za intaneti na wadau wengine, nayo ikakabidhiwa .ke.

Ngazi ya kimataifa nayo ilibadilika. ICANN iliundwa mwaka 1998, na kwa miaka mingi iliyofuata ilifanya kazi ya mzizi chini ya mkataba na serikali ya Marekani. Mkataba huo ulikoma tarehe 1 Oktoba 2016. Tangu hapo ICANN huwajibika kwa jumuiya ya wadau wa dunia: serikali, kampuni, wahandisi, wasomi na watumiaji wa kawaida.

3. Kila mmoja ana kazi yake

*ICANN* hutunza orodha ya mzizi, ikionyesha nani ameshika kikoa cha kila nchi. Haipangi bei ya .ke wala haiamui nani apewe jina gani nchini.

*KeNIC* hutunza sajili ya .ke. Huendesha seva zake, huweka kanuni za usajili na huidhinisha mawakala.

*Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya* ndiyo mdhibiti. Sheria ya Habari na Mawasiliano, kama ilivyorekebishwa mwaka 2009, na kanuni za mwaka 2010 ziliipa nguvu ya kutoa leseni na kusimamia wanaoendesha kikoa cha nchi.

*Wakala wa usajili* ndiye anayekuhudumia wewe. Hupokea maombi na malipo yako, huingiza taarifa zako katika sajili, hukukumbusha muda unapokaribia kwisha.

*Mwenye jina* ni wewe. Unatakiwa kutoa taarifa za kweli, kulipia kwa wakati na kutolitumia jina kuwadhuru wengine.

Kazi hizi zimetenganishwa kwa sababu. Mtunza sajili angekuwa pia muuzaji pekee, angeweza kupandisha bei atakavyo na kujipendelea. Mdhibiti naye angekuwa ndiye anayeendesha kila kitu, mwananchi angemshtaki kwa nani? Tena, kikoa cha nchi hakihamishwi kwa barua moja ya ofisi. Kabla ya kubadilisha mshikaji, ICANN huangalia kama wadau wa nchi wameshirikishwa na kama mpokeaji ana uwezo wa kuziendesha seva bila kuzikatiza.

4. Uchague jina gani

- .co.ke kwa kampuni na biashara
- .or.ke kwa mashirika yasiyo ya faida
- .ne.ke kwa watoa huduma za mtandao
- .me.ke kwa mtu binafsi
- .info.ke kwa tovuti za habari na maelezo
- .mobi.ke kwa huduma za simu
- .ac.ke kwa vyuo na taasisi za elimu ya juu
- .sc.ke kwa shule
- .go.ke kwa serikali

Tangu mwaka 2017 inawezekana pia kusajili jina moja kwa moja chini ya .ke, bila neno la kati.

Majina mengi hapo juu hupewa anayetangulia kuomba. Lakini .go.ke, .ac.ke na .sc.ke hutolewa kwa uthibitisho wa maandishi, kwa kuwa mzazi anayelipa karo na mwananchi anayelipa kodi huamini jina kabla ya kuona kitu kingine. Shule inayotumia jina la kawaida la biashara humnyima mzazi alama hiyo ya kuaminika. Ofisi ya umma inayotuma barua pepe kutoka anwani za bure hufanya kosa lilelile, na humfungulia tapeli mlango wa kujifanya yeye ndiye ofisi.

5. Majina hupotea vipi

Jina limesajiliwa kwa fundi. Mwenye biashara humwachia fundi wa tovuti kila kitu, naye hujiandika kuwa mwenye jina. Wakikosana, au fundi akihama, sajili inamtambua fundi. Dai jina lisajiliwe kwako au kwa kampuni yako tangu siku ya kwanza. Fundi anaweza kuandikwa kuwa mhusika wa kiufundi.

Barua pepe imekufa. Vikumbusho vya malipo hutumwa kwenye anwani uliyoandika wakati wa usajili. Ikiwa ni ya mfanyakazi aliyeacha kazi, hutaviona. Tena, ikiwa anwani hiyo iko ndani ya kikoa kilekile, siku jina litakapozimwa nayo itazimika.

Ada haijalipwa. Jina husajiliwa kwa mwaka au miaka kadhaa. Likiisha muda, tovuti na barua pepe husimama, na baadaye jina hurudi sokoni.

Hata nchi haijasalimika na hili. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotumia .zr enzi za Zaire, hutumia .cd. Baadhi ya seva za .cd zilitegemea jina scpt-network.com. Mwishoni mwa mwaka 2020 jina hilo liliachwa likaisha muda. Fredrik Almroth, mtaalamu wa usalama wa mitandao kutoka Sweden, aliligundua akalisajili kabla ya wahalifu, kisha akawaarifu wasimamizi. Angekuwa na nia mbaya, angeweza kupotosha takriban nusu ya maulizo ya .cd, ikiwemo tovuti za serikali. Wahusika walihamia jina jingine na mambo yakatulia. Hapo palikosekana mtu mmoja tu wa kulipia jina moja kwa wakati.

Mtu amelinyakua. Wako wanaosajili majina ya kampuni za wengine ili wawauzie kwa bei ya kuruka. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 kinakataza kutumia kwa makusudi jina la biashara, alama ya biashara au jina la kikoa la mwingine bila haki. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

6. Faragha ya mwenye jina

Sajili inahitaji kujua mwenye jina ni nani, ili akidhuru watu apatikane. Lakini jina, simu na anwani ya mtu binafsi ni taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Una haki ya kumuuliza wakala anahifadhi nini, anampa nani na kwa nini, na kudai taarifa zenye makosa zirekebishwe. Kuandika jina la uongo ili ujifiche si njia salama: siku ya mgogoro utashindwa kuthibitisha kuwa jina ni lako.

7. Ukiwa na malalamiko

Anza na wakala wako, kwa maandishi, ukieleza jina la kikoa, tarehe na unachotaka. Hifadhi risiti na majibu yote. Asipokusikiliza, au ukitaka kuhamia kwa wakala mwingine naye anakuzuia, peleka shauri KeNIC ukiambatisha ushahidi. Mgogoro wa nani ana haki ya jina unaweza kupelekwa katika utaratibu wa usuluhishi wa .ke, ambao ni nafuu kuliko kesi; mahakama inabaki wazi. Lalamiko dhidi ya mwenye leseni linaweza kufikishwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Ukitapeliwa kupitia tovuti bandia, usiishie kwa wakala: ripoti polisi, piga picha ya ukurasa na uhifadhi anwani kamili kabla haijafutwa.

8. Ukaguzi wa nusu saa

Fanya haya wiki hii, kisha yarudie kila mwaka:

1. Tafuta jina lako katika huduma ya WHOIS ya .ke, au muulize wakala, uone nani ameandikwa kuwa mwenye jina.
2. Andika tarehe ya mwisho wa muda kwenye kalenda ya ofisi. Wape watu wawili jukumu la kuikumbuka.
3. Weka barua pepe ya mawasiliano isiyotegemea kikoa hicho wala mtu mmoja.
4. Badilisha nywila ya akaunti ya usajili, washa uthibitisho wa hatua mbili, na uombe jina lifungwe lisihamishwe bila idhini yako.
5. Muulize wakala kama anatoa DNSSEC, saini ya kidijitali inayozuia majibu ya kughushi.
6. Orodhesha majina mengine ambayo tovuti na barua pepe zako huyategemea, uhakikishe yamelipiwa.
7. Chama, shule au ofisi inapobadilisha viongozi, akaunti ya kikoa ikabidhiwe kwa maandishi pamoja na mihuri na vitabu vya benki.

KeNIC na mdhibiti wanapoalika maoni ya umma kuhusu kanuni, toa yako. Waraka wa mwaka 1994 unasema kikoa cha nchi hushikwa kwa niaba ya watu wake, na kanuni za .ke zitabaki za wachache iwapo watakaojibu ni wachache.