Mzigo wa Chakula Unavyokaguliwa Uwanja wa Ndege

Ndugu Wanachama,

Karafuu zetu huliwa na watu tusiowajua, katika nchi tusizozifika. Kabla ya kuingia jikoni mwao hupita kwa mkaguzi. Tumeona vyema tuwaeleze kazi ya wakaguzi hao, na mfano wetu ni uwanja wa ndege wa Narita, karibu na Tokyo, nchini Japani.

Japani ina Sheria ya Usafi wa Chakula tangu mwaka 1947. Kila aletaye chakula cha kuuza hana budi kupeleka taarifa kituo cha karantini: ni chakula gani, kimetoka wapi, kimetengenezwa vipi. Wakaguzi husoma karatasi kwanza. Wakiridhika, mzigo hupita. Chakula kijulikanacho kuwa na hatari huzuiliwa, kikapimwa kwa gharama ya mwenye mzigo, wala hakiuzwi mpaka majibu yatoke. Kikionekana kibaya hurudishwa kilikotoka au huteketezwa.

Hutafutwa nini? Vijidudu vya maradhi, mabaki ya dawa za shamba, na sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Sumu hii ilikuja kujulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, kwa kulishwa chakula cha karanga zilizoingia ukungu. Huharibu ini, na kuipika hakuiondoi. Japani hairuhusu zaidi ya maikrogramu 10 katika kilo moja ya chakula. Kwa gunia la kilo 50 hiyo ni nusu miligramu tu, jicho haliioni.

Basi tufahamu jambo moja: mkaguzi hasafishi chakula, hugundua ubaya wake tu. Usafi huanza kwetu sisi wakulima. Kwa hivyo:

1. Karafuu mbichi zisilale zimerundikwa. Zichambuliwe makonyo na kuanikwa mapema.

2. Zianikwe juu ya majamvi safi, si mchangani wala kando ya barabara. Kuku na mbuzi wasikaribie.

3. Mvua ikitanda, zianuliwe upesi.

4. Zisitiwe guniani mpaka zikauke hata zivunjike kwa mlio. Gunia lisiwe lililotiwa mbolea au dawa, na liwekwe juu ya mbao.

Gunia moja lenye ukungu likichanganywa na mia safi, mia zote huingia shakani. Huko ng'ambo hawamjui mwenye gunia. Wanajua kisiwa zilikotoka.

Wassalaam,
Katibu wa Chama