Vancouver Si Mji Mkuu

Wanachama wenzangu, tukiulizwa mji mkuu wa British Columbia, mkoa wa magharibi mwa Kanada, wengi huropoka, "Vancouver!" La hasha! Tangu 1868 ni Victoria. Tena ajabu ni kwamba Victoria ndio uliomo katika Kisiwa cha Vancouver, hali jiji la Vancouver lenyewe liko bara. Kuvuka ni kwa feri, saa moja u nusu hivi.

Mimi nikijaliwa kwenda, nitapanda bara hadi Lytton, panapokutana mito Fraser na Thompson. Nanyi mnaodhani Kanada ni barafu tupu, sikieni: tarehe 29 Juni 2021 joto la hapo lilifika nyuzi 49.6, rekodi ya Kanada nzima. Kesho yake moto ukateketeza karibu kijiji chote, watu wawili wakafa.