Kuitikia si Kuelewa: Usalama wa Wajenzi Wenye Lugha Tofauti

Miradi mikubwa nchini Tanzania, kama vile reli ya kisasa na Daraja la Kigongo–Busisi, imewakutanisha wahandisi kutoka Uturuki na China na mafundi na vibarua wa Kitanzania. Katika kazi za namna hii, agizo la usalama huweza kutoka kwa mhandisi, likapitia kwa mkalimani, kisha kwa msimamizi, ndipo limfikie kibarua. Kila hatua huweza kupunguza maana. Naye kibarua anayehofia kupoteza kazi huitikia "ndiyo" hata asipoelewa.

Mfano wa saruji

Saruji iliyochanganywa na maji ni alikali kali, yenye pH ya 12 hadi 13. Ikiingia ndani ya buti huunguza ngozi polepole, mara nyingi bila maumivu katika saa za mwanzo. Asiyelijua hilo humaliza zamu, kisha hufika kliniki akiwa na kidonda kirefu. Onyo la "kuwa mwangalifu" halimfai kitu. Linalomfaa ni maelekezo bayana: vua buti na soksi mara moja, kung'uta saruji kavu, osha ngozi kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya. Usisubiri maumivu.

Kwa wasimamizi

Baada ya kueleza, mwombe mfanyakazi aonyeshe kwa vitendo alichoelewa. Kubalianeni neno moja na ishara moja ya mkono ya kusimamisha kazi, itakayotambuliwa na wote.

Kwa watoa huduma za afya

Majeruhi asiyejua lugha yako asitafsiriwe na msimamizi wake, isipokuwa katika dharura, kwani huenda akaficha namna ajali ilivyotokea. Uliza alikuwa akifanya kazi gani, kwa kifaa au kemikali ipi, na uyaandike majibu. Kumbukumbu hiyo humsaidia anapodai fidia. Kabla hajaondoka, mwombe akueleze atakavyokitunza kidonda.

Kwa mfanyakazi

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akulinde uwapo kazini. Kusema "sijaelewa, nionyeshe" si utovu wa adabu wala dalili ya ujinga. Ni kinga, kama ilivyo kofia ngumu unayoivaa kichwani.