Dondoo Muhimu: Breki Wakati wa Mvua

Kinachosimamisha gari ni msuguano kati ya tairi na barabara, na mvua huupunguza.

- Mvua inapoanza, punguza mwendo. Maji, vumbi na mafuta vikichanganyika, lami huteleza.
- Usifunge magurudumu. Tairi linalozunguka hushika barabara kuliko linaloburuzwa. Kama gari halina ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge), kanyaga breki, achia, kanyaga tena.
- Acha nafasi. Ukitoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, umbali unaohitajika kusimama baada ya kufunga breki huongezeka mara 4, si mara 2.
- Badilisha tairi kipara. Mifereji ya tairi ndiyo inayoondoa maji. Bila hiyo, gari huweza kuelea juu ya maji.
- Bodaboda, kwepa mistari ya rangi kwenye kona; ikilowa huteleza kuliko lami.